Shuka Zilizopita Kipimo Changu

Shuka zile zilirudi kiwandani zikiwa zimefungwa kwenye magunia ya katani, na mtu aliyezileta hakuwa na maneno mengi. Alifungua gunia, akatoa shuka moja nyeupe pe, akaishika ncha mbili, akaivuta kidogo tu, kama mama anayenyoosha nepi kabla ya kuianika. Ikapasuka katikati. Haikutoa hata ule mlio wa kitambaa kinachochanika. Ilitoa sauti hafifu, kama gazeti lililolowa likakauka. Akatoa ya pili, ikawa yale yale. Kisha akaweka mezani kijikaratasi cha maabara kilichokuwa kimesafiri na mzigo. Kilikuwa na sahihi yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980. Kiwanda kilikuwa kimojawapo cha viwanda vya nguo vya Dar es Salaam, nami sitakitaja jina. Nilikuwa binti wa Kimatengo kutoka Mpepai, nimekaa kwenye maabara ya nyuzi miaka mitano au sita, na nilikwisha kuanza kujiona mtaalamu. Shuka zile nilizipima mwenyewe, kesho yake baada ya kutiwa weupe. Zilikuwa nzima. Mashine ya kuvutia ilisema hivyo, na daftari lilisema hivyo. Kwa hiyo jambo la kwanza lililonitoka mdomoni ni kwamba hizo si shuka zetu.

Zilikuwa zetu.

Ili nieleze kilichotokea inabidi nirudi nyuma hadi Mpepai, kwa sababu jibu la shuka zile nilikuwa nimelisikia utotoni, ila nililisikia kama hadithi ya samaki.

Kwetu si nchi ya pamba. Ni milima ya Mbinga, inayolimwa kwa ngoro, yale mashimo yaliyopangwa mteremkoni kama sega la nyuki, na fedha yetu ni kahawa. Pamba tuliijua ikiwa imekwisha kuwa nguo, au ikiwa ndani ya masimulizi ya wazee. Bibi mzaa baba, nilipomwambia nimepata kazi kwenye kiwanda cha pamba, aliguna. Kwa watu wa rika lake, Songea na Mbinga, pamba ilikuwa na harufu ya Mjerumani: ni kung'olewa kwa miche ya pamba kule Nandete, Umatumbi, mwaka 1905, kulikowasha Vita vya Maji Maji, na moto ule ulipofika Ungoni uliishia kwenye vitanzi vya Songea, Februari 27, 1906. "Haya, nenda," bibi aliniambia, "lakini huo mmea una deni." Nilicheka. Nilikuwa kijana.

Mama yangu alitoka chini, ziwani, upande wa Mbamba Bay, enzi hizo bado Wilaya ya Mbinga. Wilaya ya Nyasa ilimegwa baadaye, 2012. Likizo za shule tulishuka kwa babu mzaa mama. Ukitoka kwenye baridi ya Mpepai, joto la ziwa linakupokea kama pumzi ya ng'ombe. Babu alikuwa mvuvi, na mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati wenzake wengi walikwisha kununua nyavu za nailoni, yeye alikuwa bado na wavu mmoja wa pamba aliousokota na kuusuka mwenyewe. Kila baada ya majuma kadhaa aliupika.

Naam, aliupika. Alikuwa na pipa lililokatwa, akalijaza maji na magome ya miyombo yaliyopondwa, akawasha moto kuanzia alfajiri. Maji yakigeuka rangi ya chai ya rangi, wavu unazamishwa, nasi watoto tunapewa mti wa kukorogea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Shika mti, koroga taratibu, usiuchanechane."

"Babu, kwa nini unauchafua? Ulikuwa mweupe mzuri."

"Wavu mweupe samaki wanauona, na maji yanaula."

"Maji yana meno?"

"Subiri uuache mweupe mwezi mmoja, utayaona meno yake."

Nilipofika kiwandani nikasoma kwamba meno ya maji ni bakteria wanaokula selulosi, yaani ile mali ambayo pamba imeumbwa nayo, na kwamba magome ya miti mingi yana tanini inayowafukuza. Wavuvi wa dunia nzima waliotumia nyavu za pamba walifanya kama babu, kila mmoja kwa gome la kwao. Lakini kuna la pili ambalo babu alilijua, nami nililipuuza. Alipotaka kuujua wavu umechoka kiasi gani, hakuupima ukiwa umetoka majini. Aliuacha ukauke kabisa kivulini siku nzima, ndipo akachagua uzi mmoja pembeni, akauzungushia vidole na kuukata. "Ukiwa umelowa utakudanganya," alisema. Ni kweli tupu. Pamba ni kinyume cha nyuzi nyingi: ikilowa inaongezeka nguvu, asilimia 10 hadi 20 zaidi ya ikiwa kavu. Mzee yule ambaye hakuwahi kushika mzani wa maabara alijua kwamba kipimo kina saa yake, na kwamba ukipima saa isiyo yake kitu kibovu kitafaulu.

Nilianza kazi 1979, baada ya kidato cha nne. Kazi ya maabara ya nyuzi ni ya kurudiarudia kama kutwanga. Unachukua bobini kutoka mashine ya kusokota, unauzungusha uzi wake kwenye gurudumu lenye mzingo wa yadi moja na nusu, mara 80, mpaka upate yadi 120. Duara hilo unalitundika kwenye kulabu mbili. Ya chini inashuka polepole, mshale unapanda, nyuzi zinaanza kukatika mojamoja kwa sauti kama ya mvua ya kwanza juu ya bati, halafu ghafla zote zinaachia. Unaandika. Unachukua bobini nyingine. Hewa ya chumba ilitakiwa kuwa na unyevu wa asilimia 65, kwa sababu ileile ya babu: siku ya kiangazi kikavu uzi uleule utasoma chini, siku ya masika utasoma juu, na meneja atakuja kukuuliza mashine imefanya nini wakati aliyefanya ni mawingu.

Pamba yetu ilitoka Usukuma, aina zilizozalishwa kituo cha utafiti cha Ukiriguru karibu na Mwanza, zile zinazoitwa UK na namba mbele yake. Unywele mmoja wa pamba ile una urefu chini kidogo ya sentimita tatu. Fikiria: kutoka kwenye vinywele vya sentimita tatu tunatengeneza uzi ambao pauni moja yake, kwa unene wa namba 20, ina urefu wa yadi 16,800, zaidi ya kilomita 15. Hakuna gundi. Kinachovishika ni msuguano tu, na kinacholeta msuguano ni msokoto. Ukisokota kidogo, vinywele vinateleza na uzi unaachia kama ugali usioiva. Ukiongeza, vinabanana, nguvu inapanda. Kila mtu anaelewa hapo. Wasichotarajia wengi ni kwamba nguvu ina kilele. Ukipita pale ukaendelea kusokota, kila kinywele kimekaa mshazari na kimekwisha kuvutwa kabla hujaning'iniza kitu, na nguvu inaanza kushuka. Tena uzi uliozidishwa unajikunja wenyewe ukiulegeza, unatengeneza vifundo kama mkia wa nguruwe. Babu, alipokuwa akisokota pajani, alisokota nyuzi mbili upande mmoja, kisha akaziunganisha kwa msokoto wa upande wa pili, ili hasira ya huu iizuie hasira ya ule. Mashine ya mamilioni inafanya hivyohivyo.

Ya mashine ni mengi na nitayapita haraka. Uzi wa mtande, ule unaokaa wima kwenye mashine ya kufuma, unasuguliwa maelfu ya mara kabla haujawa kitambaa, kwa hiyo unavishwa wanga kwanza, sisi tukitumia wa muhogo au wa mahindi kadiri ulivyopatikana. Wanga hauongezi nguvu ya pamba yenyewe. Unaivisha koti. Ndiyo maana khanga mpya dukani inasimama kama ubao, na baada ya kufuliwa mara moja unajua umenunua nini. Ujanja huo ni wa zamani. Karne ya 19 watengenezaji wa Manchester walizoea kushindilia wanga na udongo mweupe kwenye vitambaa vyao vya kuuza nje, kitambaa kikaonekana kizito kwenye mzani wa muuzaji na kikabaki chandarua kwenye beseni la mfuaji. Wanunuzi wa Pwani na bara hawakuwa wajinga. Walishikilia marekani, kitambaa kigumu kisichotiwa weupe kilichotoka kwenye viwanda vya Massachusetts kupitia Salem hadi Unguja, na jina la nchi likabaki kuwa jina la nguo hadi leo, ingawa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata biashara ile. Nikisikia mtu anasema Waafrika wa zamani walichukua kitambaa chochote mradi shanga zimeongezwa, huwa nakumbuka kwamba marekani ilikuwa ya rangi ya vumbi, na walichagua hiyo kwa sababu walikuwa wakivuta kitambaa kabla ya kulipa.

Sasa shuka.

Kutia pamba weupe ni kuichoma bila moto. Pamba mbichi ina rangi ya krimu, na rangi hiyo unaiondoa kwa dawa inayokula rangi. Dawa ikikosa rangi ya kula, itakula pamba. Iliyo ya upole ni haidrojeni peroksaidi. Ya kale na ya bei nafuu ni hipokloraiti, ndugu wa damu wa Jik ya dukani. Miaka ile fedha za kigeni hazikuwepo, madawa ya viwanda yalipatikana kwa kudra, tukatumia iliyokuwepo. Na hipokloraiti ina tabia moja ambayo kila mtu wa viwanda vya nguo anafundishwa siku ya kwanza: lazima ifanye kazi ndani ya maji yenye magadi ya kutosha, pH 9 hadi 11. Ukiyaacha maji yakashuka kuelekea 7, pale katikati ambapo si chachu wala si magadi, ndipo dawa ile inapoidhuru pamba kuliko mahali pengine popote. Tena, na hapa ndipo mtego ulipo, ndipo inapofanya weupe haraka zaidi.

Siku ile soda, ile inayoyapa maji magadi, ilikuwa imebaki kidogo stoo. Mtu wa zamu akaipunguza. Hakuniambia, wala hakuwa na nia mbaya; alikuwa anabana matumizi kama tulivyoimbiwa sote. Mimi nilipita na karatasi zangu za kupimia pH, nikachovya moja. Ilitakiwa igeuke bluu. Ikageuka kijani. Niliiona kijani. Nakumbuka hata kidole changu kilivyoishika, na tone lililotiririka hadi kwenye kucha. Nikatazama kitambaa, kikawa cheupe kuliko siku zote, na saa ilikuwa bado. Nikajiambia karatasi zimezeeka. Nikaandika namba ya kila siku.

Maji nayo yakakatika mchana, suuza ikawa ya haraka, na dawa ya kumalizia klorini haikuwepo stoo kwa wiki kadhaa. Kesho yake nikakata mikanda ya kitambaa, nikaivuta kwenye mashine, ikasoma vizuri. Pungufu kidogo ya kawaida, ndani ya kiwango. Nikatia sahihi.

Shuka zilipokuja kwenye magunia, mkuu wetu wa maabara, mzee wa makamo aliyesomea kazi hii ughaibuni na asiyependa kupandisha sauti, aliniita.

"Binti, ulizipima lini?"

"Kesho yake, mzee. Zilikuwa nzima. Namba hizi hapa."

"Ulizipima kabla ya kufua au baada ya kufua?"

"Kufua? Mzee, kitambaa kipya nakifulia nini?"

"Kwa sababu aliyekinunua atakifua."

Akachukua kipande cha jora lilelile kilichokuwa kimebaki stoo, ambacho hakijawahi kufuliwa. Tukakivuta: bado kizuri. Akakichemsha saa moja kwenye maji ya soda, akakisuuza, akakikausha, akaniambia nikivute. Mshale haukufika hata nusu ya njia.

Kisha akanionyesha jambo ambalo sijalisahau. Alichemsha kipande kingine kwenye dawa ya bluu ya shaba, jamaa ya ile ambayo hospitali zilitumia kupimia sukari kwenye mkojo. Kipande cha pamba nzima kilibaki kama kilivyo. Cha jora letu kikageuka rangi ya waridi, kikazidi, kikawa chekundu kama udongo wa Mpepai. Selulosi ni mnyororo mrefu mno wa chembe za sukari, pingu kwa pingu, kwa maelfu. Pamba nzima, minyororo yake imefungwa, haijibu dawa ile. Pamba iliyochomwa na klorini ina pingu zilizofunguka huku na huku, na dawa ya sukari inaziona. Pingu hizo hazijakatika bado. Zimelegea. Uzi unashikilia, mashine inasoma vizuri, karani anatia sahihi. Siku maji ya moto na sabuni yanapokuja, magadi ya sabuni yanakuta pingu zilizolegea na kuzimaliza. Nguo inapasukia kwa mfuaji, na mfuaji ndiye anayelaumiwa.

Tulifanya hesabu ya ni wafuaji wangapi wa kule shuka zilikokwenda walikwisha kukatwa mshahara kwa kuchana mali. Hatukupata jibu zuri. Mkuu wa maabara aliandika barua kuomba wasikatwe. Mimi nilikatwa, na ilikuwa haki. Kuanzia hapo hakuna kitambaa cheupe kilichopita mikononi mwangu bila kuchemshwa kwanza kwenye soda, na daftari langu lilikuwa na safu mbili: kabla, baada. Wenzangu walinitania kwamba naogopa hadi nguo zangu mwenyewe.

Tangu hapo nimekuwa nikiona jambo lilelile kila mahali, na nikiri kwamba pengine nalitafuta. Utingo wa lori la kahawa la Songea anabeba betri, tone la asidi linadondokea suruali ya kaki. Anafuta kwa kiganja, haoni kitu. Maji ya tone lile yanapokauka, asidi haikauki. Inabaki na kuzidi ukali palepale. Inakata minyororo kimyakimya. Juma linalofuata mke wake anaifua, inatoka beseni ikiwa na matundu kama iliyotafunwa na panya, na ugomvi unaanza: umeisugua na nini? Hajaisugua na kitu.

Watu huogopa kostiki, yaani magadi makali, kuliko asidi, kwa kuwa kostiki inachubua ngozi ya mtengeneza sabuni na kuyeyusha sufi kabisa. Kwa pamba ni kinyume. Asidi ndiyo adui. Kostiki, ikitumika kwa akili, ni rafiki. John Mercer, mtu wa Lancashire, mwaka 1844 alichuja kostiki kali kupitia kitambaa cha pamba na kuona kitambaa kimesinyaa, kimenenepa, kimekuwa na nguvu zaidi, na kinakunywa rangi kama ardhi yenye kiu. Alipata hataza 1850. Kinywele cha pamba, ambacho kwa kawaida ni utepe bapa uliojipinda, kinavimba na kuwa mviringo. Lakini kitambaa kile kilisinyaa mno, na jambo likakaa karibu miaka 40 hadi Horace Lowe alipojaribu kukishikilia kwa nguvu kisisinyae wakati kostiki inafanya kazi yake. Ukikiachia, unapata kitambaa kizito. Ukikibana, unapata mng'ao kama wa hariri. Dawa ni ileile. Tofauti ni kushikwa. Tulikuwa na mashine ya namna hiyo kiwandani, na nilipenda kusimama pembeni yake kuangalia mnyororo wa vibanio ukikitanua kitambaa pande zote mbili. Sharti jingine la kostiki ni hewa. Pamba ikichemshwa ndani yake huku hewa inaingia pipani, oksijeni inafanya ile kazi chafu ya klorini. Kwa hiyo rafiki naye ana masharti.

Kuhusu mashati ya mtumba yasiyohitaji pasi, nitasema kifupi. Yametiwa dawa inayoifunga minyororo ya pamba ili isikunjike, na pamba isiyoweza kukunjika haiwezi pia kugawana mzigo inapovutwa; inapoteza theluthi moja ya nguvu yake, mara nyingine nusu. Jinzi zilizochakazwa kwa mawe kiwandani nazo zimeuzwa zikiwa zimekwisha kutumika. Kama unanunua ya kulimia, tafuta nyingine.

Viwanda vingi vya umma vya nguo vilipolegea na kufungwa miaka ya 1990, nikarudi nyumbani. Mpepai hawakuhitaji mtu wa kuvuta nyuzi. Nikanunua cherehani ya mguu. Hapo nikajifunza sura ya mwisho ya somo, ambayo hakuna aliyenifundisha maabara: uzi wa kushonea, kabla haujatulia kwenye mshono, unapita tundu la sindano na kitambaa mara makumi, ukienda mbele na kurudi. Fundi mmoja mzee wa hapa, aliyenipa nafasi barazani kwake, alikuwa akiuvuta uzi wake juu ya kipande cha mshumaa kabla ya kushona kaki nzito. Nilimwambia hiyo ndiyo kazi ya wanga kwenye mtande. Akaniangalia. "Mama," akasema, "hiyo ni kazi ya mshumaa."

Siku hizi wanaoniletea maswali ni akina mama wa kwaya na wa komunyo ya kwanza. Magauni meupe, vitambaa vya altare, mashati ya shule. Jik imefika kila duka, na kila mtu anaimimina kwa kukadiria. Kuna binti jirani aliyekuja na kitambaa cha altare alichokishona mama yake kwa mkono, miaka mingi iliyopita. Kilikuwa kimepasuka mkunjo kwa mkunjo, kila mahali palipokunjwa, kama ramani iliyochakaa.

"Shikamoo mama. Ni panya?"

"Marahaba. Ulikiloweka na nini?"

"Jik. Na nikaongeza ndimu, ing'ae zaidi."

Niliketi naye barazani nikamweleza, pole pole, kama nilivyoelezwa. Ndimu inashusha maji yale hadi palepale pabaya, tena inafukuza klorini hewani, gesi ambayo ni sumu kifuani mwake kabla haijawa sumu ya kitambaa. Ndoo ya bati yenye kutu nayo inachochea. Kama huna budi kutumia Jik, iwe kidogo, kwenye ndoo ya plastiki, maji ya baridi, dakika chache, bila ndimu wala siki, na suuza hadi harufu iishe kabisa, kisha suuza tena. Pamba ya rangi ya krimu haina dhambi. Sabuni, jua na muda vimeng'arisha nguo za wamisionari na za mabibi zetu.

"Basi mama, hiki hakitengenezeki?"

"Hakitengenezeki, mwanangu. Lakini ulichokifanya mwezi uliopita ndicho unachokiona leo, kwa hiyo usimlaumu aliyekipiga pasi Jumamosi."

Akanyamaza. Aliyekipiga pasi alikuwa wifi yake.

Wavu wa babu ninao. Mama aliurithi, akaupandisha Mpepai, na kwa miaka mingi ulitundikwa ukutani jikoni, juu ya moshi, ambapo bakteria hawastawi wala jua halifiki. Mwaka juzi nilipokarabati jiko niliushusha, na mkono wangu ukafanya bila kuulizwa kile ulichofanya maelfu ya mara: ukachagua uzi mmoja, ukauzungushia vidole, ukavuta. Ulikuwa umelegea kuliko enzi za babu, lakini ulinikata kidole kabla haujaachia. Nikajaribu mwingine, na mwingine. Pembe moja tu ilivunjika mkononi kama mkaa, pembe iliyokuwa imening'inia kwenye msumari. Palikuwa na doa jeusi, kubwa kama sarafu. Kutu ya msumari na tanini ya magome zikikutana zinatengeneza wino, na wino ule unakula pamba polepole, mwaka baada ya mwaka, usiku na mchana, bila mtu kuugusa.

Nimekata pembe ile, nimeung'oa msumari, na wavu sasa unaning'inia kwenye kigingi cha mti.